Depeche Mode walilitoa wapi giza lile?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Nilianza kuwasikiliza Depeche Mode kwa albamu ya Black Celebration ya 1986 na nikaipenda mno. Kisha nikarudi nyuma hadi albamu yao ya kwanza, Speak & Spell ya 1981, nikabaki mdomo wazi. Ni muziki mwepesi, wa kurukaruka, kama watoto kwenye bembea. Hata miaka mitano haijapita! Nani aliwabadilisha? Ni kampuni? Ni Berlin? Au waliona giza linauza wakajifanya watu wazima?"

Marahaba, na ahsante kwa swali. Nimefundisha watu kurekodi kwa muda mrefu, na hakuna kundi ninalolitumia darasani kuliko hili la Waingereza la muziki wa vinanda vya umeme, kwa hiyo uniwie radhi nikirefusha.

Kuna jambo moja wasikilizaji wengi hulipita bila kuliona. Aliyeandika Speak & Spell na aliyeandika Black Celebration ni watu wawili. Albamu ya kwanza ina nyimbo 11, na 9 kati ya hizo ni za Vince Clarke, mmoja wa wanakundi wa mwanzo. Just Can't Get Enough, kibao kilichopanda hadi namba 8 kwenye chati ya Uingereza, ni chake. Mwaka haujaisha, Clarke akaaga. Umaarufu, safari na mahojiano vilikuwa vimemchosha mapema. Akaanzisha Yazoo pamoja na Alison Moyet, na baadaye Erasure. Ukiwasikiliza Erasure utakuta ule mkono wake haujapotea: melodi nyepesi, inayotabasamu, inayokukamata kabla hujakaa sawa. Furaha unayoisikia 1981 iliondoka na mwenyewe.

Waliobaki ni Dave Gahan, mwimbaji, mwenye miaka 19, Andy Fletcher, na Martin Gore, miaka 20, aliyekuwa karani wa benki kabla ya muziki kumchukua. Wote wametokea Basildon, mji mpya wa Essex uliojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Gore alikuwa na vipande viwili tu kwenye albamu ile, na kimoja hakina maneno kabisa. Chenye maneno ni Tora! Tora! Tora!, jina lililotoka kwenye shambulio la Pearl Harbor. Kirudie leo usiku ukiwa peke yako. Vinanda ni vilevile vyembamba na studio ni ileile, lakini kuna baridi inayopita katikati yake ambayo nyimbo nyingine za albamu hazina. Giza unalolipenda lilikuwemo tangu siku ya kwanza, limekaa pembeni, halijapewa nafasi ya kusema.

Nimtendee haki Clarke pia. Yeye mwenyewe ana wimbo kwenye albamu hiyo ambao jina lake linasema wakati mwingine natamani ningekuwa nimekufa, na muziki wake unaruka kama mpira. Kwa hiyo si kweli kwamba wa kwanza hakujua huzuni na wa pili ndiye aliyeijua. Clarke alipopata neno zito alilivika melodi nyepesi. Gore alipopata kalamu aliacha neno na melodi viende upande mmoja.

Hakufanya hivyo mara moja, lakini. Albamu ya pili, A Broken Frame ya 1982, kwa maoni yangu ndiyo dhaifu kuliko zote za muongo ule, na udhaifu wake una mafunzo mengi. Ghafla Gore ndiye mtunzi pekee na albamu inadaiwa. Akafungua sanduku la nyimbo alizoziandika akiwa bado mvulana, na mmojawapo, See You, ukafika namba 6, juu kuliko chochote alichowaandikia Clarke. Ni wimbo mtamu wa mapenzi ya ujanani. Lakini albamu hiyohiyo inafunguliwa na Leave in Silence, wenye sauti za kiume zinazoghani kwa pamoja kama watu walio kwenye maziko. Watu wawili wanagombania albamu moja, na wote wawili ni Gore: mmoja wa miaka 17 na mwingine wa miaka 21. Mabadiliko ya kweli ya kundi huwa na kipindi cha namna hii, ambapo jipya na la zamani vinakanyagana miguu.

Sasa nije kwenye kampuni. Wewe unawaza kama mtu aliyezoea hadithi za wakubwa wa ofisini wanaoita vijana na kuwaambia, "Sasa mtavaa nyeusi." Hapa mambo yalikuwa mengine. Walikuwa chini ya Mute, kampuni ndogo ya London iliyoanzishwa na Daniel Miller, ambaye mwenyewe alikuwa mpenzi wa sinthesaiza, vinanda vya umeme vinavyounda sauti zake vyenyewe, na ndiye aliyekaa nao studio. Kwa miaka mingi hawakuwa na mkataba ulioandikwa. Walishikana mikono, faida ikagawanywa nusu kwa nusu. Mtu wa aina hiyo hakulazimishi, anakuongezea tu vifaa vya kuchezea.

Presha ya biashara ilikuwepo, ila ilisukuma upande wa pili. Mwaka 1986 walipotoa Stripped kama singo ya kwanza ya Black Celebration, kampuni iliyokuwa ikiwasambaza Marekani iliuona wimbo huo mzito mno. Ikaugeuza ubavu wa pili wa sahani (ubavu wa B), na mbele ikaweka But Not Tonight, wimbo mchangamfu ambao kundi lilikuwa limeurekodi haraka kwa ajili ya ubavu wa B. Wenyewe hawakufurahi hata kidogo, na wimbo haukufua dafu sokoni. Kwa hiyo ukiniuliza kama giza lilikuwa linauza, nitakujibu kwamba wauzaji wenyewe hawakuamini hivyo. Na magazeti ya muziki ya Uingereza yaliendelea kuwachukulia kama kundi la mabango ya vyumbani mwa mabinti muda mrefu baada ya muziki kubadilika.

Tukishamaliza ya mtunzi, tuingie studio, maana huko ndiko sikio lako lilikoshtuka hata kama hukujua kwa nini.

Speak & Spell ilirekodiwa Blackwing, studio iliyokuwa ndani ya kanisa la zamani kusini-mashariki mwa London. Vinanda vyao vingi vilikuwa vya kupiga noti moja kwa wakati. Huwezi kukandamiza vidole vitatu ukapata sauti nene. Unapiga mstari mmoja, halafu mwingine, halafu mwingine, na mistari inasukana kama ukili. Hakuna mwangwi wa kutosha, hakuna chumba. Kila sauti imezaliwa ndani ya waya na kufia humohumo. Ndiyo maana inasikika safi, ndogo, na kwa kiasi fulani kama kifaa cha kuchezea.

Mwaka 1982 Alan Wilder akaingia. Alijibu tangazo kwenye gazeti la Melody Maker lililotaka mtu asiyezidi miaka 21, naye alikuwa na 22. Ndiye pekee aliyekuwa amesomea muziki, na ndiye aliyependa kukaa studio mpaka usiku wa manane akipanga sauti moja tu. Wakati huohuo zikaja sampla: mashine ambayo unaingizia sauti yoyote ya duniani, kisha unaipiga kwenye kinanda.

Tulia hapa kidogo, kwa sababu mzizi wa giza lile, kwa upande wa sauti, uko hapa. Sampla za wakati ule zilipopigwa noti ya chini, zilipunguza mwendo wa sauti iliyorekodiwa. Ukishuka oktavu moja, yaani hadi noti ya jina lilelile iliyo chini yake, sauti inakwenda nusu ya kasi, inadumu mara mbili, na kila mtetemo wake unashuka kwa nusu. Ukishuka oktavu mbili, inakuwa robo ya kasi. Chukua kijiko, kigonge kwenye glasi, kirekodi, kisha kipige oktavu mbili chini. Hutasikia kijiko tena. Utasikia kengele kubwa iko mbali, na ile mikwaruzo midogo ambayo sikio lilikuwa haliioni sasa imekuwa mikubwa, inasaga polepole. Hakuna aliyeandika noti ya huzuni. Kitu kidogo kimefanywa kikubwa na kizito, na mwili wa msikilizaji unakiogopa kidogo. Kila mwaka nawafanyisha wanafunzi wangu zoezi hili, na kila mwaka darasa hunyamaza.

Kwa albamu ya 1983, Construction Time Again, walitoka na nyundo na kinasa sauti mashariki mwa London, kwenye magofu na maeneo ya ujenzi, wakagonga mabati na mabomba na kurekodi. Gore alikuwa amewaona jukwaani Einstürzende Neubauten, kundi la Berlin lililopiga vyuma na mashine za kutobolea ukuta badala ya ala, na akataka kujua kama sauti zile zinaweza kubeba wimbo wa kuimbika. Mashairi ya albamu ile, yenye ulafi wa makampuni na hofu ya bomu, wakati mwingine yanajikaza kama mwanafunzi anayetaka kumwonyesha mwalimu kuwa amesoma. Siyapendi yote. Lakini Everything Counts ni kito: Gahan anaimba beti kwa ukali, Gore anaitikia kiitikio kwa sauti laini, na huruma iliyo kwenye laini ile inaumiza kuliko ukali.

Berlin sasa. Ndiyo, ina mchango, ila usiupe uzito kupita kiasi. Albamu hiyo ya 1983 ilimiksiwa, yaani sauti zake zilichanganywa na kusawazishwa, Hansa, studio iliyokuwa karibu kabisa na Ukuta wa Berlin, ambako David Bowie alirekodi mwaka 1977. Fundi wao wa sauti, Gareth Jones, alikuwa na mtindo ninaouhusudu. Ndani ya jengo lile mlikuwa na ukumbi mkubwa wa tamasha. Jones alichukua sauti kavu za sinthesaiza, akazipiga kwa spika kubwa ndani ya ukumbi, kisha akaweka maikrofoni mbali na kurekodi jinsi kuta zinavyojibu. Sauti iliyozaliwa ndani ya waya ikapata dari, sakafu na umbali. Rudi ulinganishe: 1981 unasikiliza muziki uliobandikwa kwenye sikio lako, 1986 unasikiliza muziki uliomo ndani ya jengo, nawe umesimama mlangoni.

Gore alihamia Berlin kwa muda, na huko ndiko ngozi, minyororo na sketi zilikoingia kwenye mavazi yake. Picha zile zimezungumzwa sana. Mimi naziona kama jambo la pembeni, kwani giza la maneno yake lilitoka nyumbani. Ujanani alikuwa akienda kanisani Basildon na Fletcher na Clarke, ambao walikuwa waumini. Kulikuwa na orodha ya wagonjwa wa kuombewa, na Gore ameeleza kwamba aliyekuwa juu ya orodha mara nyingi ndiye aliyekufa, na bado kila mtu alimshukuru Mungu kwa kutimiza mapenzi yake. Kutoka hapo ndipo alipoandika Blasphemous Rumours ya 1984, wimbo uliowakasirisha watu wengi wa dini. Unaweza kutokubaliana naye kabisa, na wengi wenye imani hawakubaliani naye, lakini huwezi kusema amejifanya. Alikaa kwenye benchi lile, akaisikiliza orodha ile ikisomwa.

Tukafika kwenye albamu yako. Kabla yake, mwaka 1985, walitoa singo ya It's Called a Heart, na Wilder amesema wazi baadaye kwamba hakuutaka wimbo huo utoke, kwa kuona unawarudisha nyuma. Naamini bila uchungu ule Black Celebration isingekuwa kali hivyo. Miller, ambaye alitaka wote waishi ndani ya albamu, aliwafanyisha kazi London na Hansa mfululizo bila siku ya kupumzika. Mvutano wa watu waliofungiwa pamoja unasikika kwenye kanda.

Chukua Stripped. Weka spika nzuri au vipokea sauti, na sikiliza kabla Gahan hajafungua mdomo. Kuna kitu kinanguruma chini, kwa mpigo usio wa ngoma. Ni pikipiki iliyowashwa na kuachwa imesimama, ikarekodiwa, kisha ikashushwa kwa nusu oktavu. Mpigo wa wimbo mzima umekaa juu ya injini hiyo. Kuna pia sauti ya gari la Gahan, Porsche, likitiwa moto. Halafu sikiliza Gahan mwenyewe. Mwaka 1981 aliimbia puani na kooni, kijana anayejaribu kufikia noti. Hapa ameshuka kifuani, hana haraka, anayaweka maneno moja baada ya jingine. Na maneno yanasema nini? Anamwomba mpenzi waondoke kwenye moshi wa magari na televisheni, amsikie akizungumza kwa ajili yake peke yake. Wimbo unaokimbia mashine umejengwa kwa injini! Gore alikuwa na miaka 24.

Umeuliza pia kama walijifanya watu wazima. Mimi giza na ukomavu huvitenganisha. Giza ni rangi, unaweza kuipaka kwa mchana mmoja. Meja na maina, yaani ngazi ya noti inayosikika ya furaha na ile inayosikika ya huzuni, zinaweza kutofautiana kwa nusu toni tu, hatua ndogo kabisa kwenye kinanda, kwenye noti ya tatu. Shusha noti hiyo, punguza mwendo, ongeza mwangwi, na wimbo wowote wa watoto utakuwa wa kutisha. Makundi mengi yamefanya hivyo na yakasahaulika. Ukomavu nausikia mahali pengine: kwenye kile mtunzi anachokubali kukiacha bila jibu. Kwenye Black Celebration Gore anaimba nyimbo nne mwenyewe, kwa ile sauti yake nyembamba inayotetemeka, na karibu zote ni za mtu anayependa huku akijua kwamba mapenzi hayatamwokoa na kitu chochote. Jina la albamu lina neno sherehe, na sherehe yenyewe ni ya kumaliza siku nyingine nyeusi ukiwa bado na mtu wa kukushika mkono. Kijana wa See You asingeweza kuandika hivyo, kwa sababu alikuwa bado anaamini kwamba kuonana tena kungetosha.

Nami nitakuongezea ushahidi mmoja kwamba giza si suala la mwendo wa taratibu. Miaka michache baadaye, wakati wa kuandaa Violator ya 1990, Gore alileta demo, rekodi ya majaribio, ya Enjoy the Silence: yeye na kinanda cha upepo, taratibu, karibu kama sala. Wilder akasema wimbo huu uongezewe kasi na upewe mdundo wa kucheza. Gore alikasirika. Wimbo unazungumzia utulivu, vipi uuharakishe? Wilder na prodyuza Flood wakaujenga wao, kisha wakamwita Gore aweke gitaa, na akapiga kile kipande ambacho sasa kila mtu anakijua. Ulifika namba 6 Uingereza na namba 8 Marekani. Watu wanaucheza sakafuni na koo limewakaba. Kasi ya Just Can't Get Enough ilirudi, ila chini yake kulikuwa na miaka tisa.

Kidogo nje ya mada, maana nimekumbuka: vuli ileile ya 1981 Depeche Mode walipotoa albamu yao ya bembea, kule Stockholm ABBA walikuwa wanatoa The Visitors, albamu yao yenye giza kuliko zote, wakati ndoa zote mbili za kundi zikiwa zimevunjika. Kwao ni maisha yaliyobadilika, watunzi wakabaki walewale. Kwa Depeche Mode mtunzi alibadilika kwanza, maisha yakafuata. Ukitaka kuelewa kundi jingine lolote lililogeuka, anza kwa kuuliza kalamu iko mkononi mwa nani.

Basi fanya hivi. Usiruke tena kutoka 1986 hadi 1981, maana kuruka huko ndiko kulikokushtua. Panga nyimbo tano kwa mfuatano: Tora! Tora! Tora!, Leave in Silence, Everything Counts, Blasphemous Rumours, Stripped. Zisikilize kwa mkupuo mmoja, taa ukizima ni bora zaidi. Mara ya kwanza fuata sauti ya Gahan tu, uone inavyoshuka kutoka puani hadi kifuani. Mara ya pili msahau Gahan kabisa, na usikilize umbali uliopo kati ya sauti na kuta. Mara ya tatu fuata melodi peke yake, uiimbe kwa mluzi ukiweza. Utaona kwamba zote tano zinaimbika kwa mluzi, hata ile ya pikipiki.